Mnaoanza DNA za Maruba, Acheni Tumbo

Jamani wadogo zangu, juzi nimemwona mwingine tena akimpasua ruba katikati, akachomoa mnofu, akautia kwenye tyubu huku akitabasamu. Nilishindwa kusema kwa sababu nilikuwa na bosi kwenye simu. Sasa nasema.

1. Jina la kwenye mfuko wa duka la dawa ni tetesi tu. Famakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inaweka spishi tatu chini ya jina shuizhi, yaani ruba wa dawa: Whitmania pigra, Whitmania acranulata na Hirudo nipponica. Wakishauawa kwa maji ya moto na kukaushwa, michirizi ya mgongoni haina msaada tena. Na si suala la majina matupu: famakopia hiyohiyo inamtaka Hirudo awe na nguvu ya kuzuia thrombini (kimeng'enya kinachogandisha damu) isiyopungua yuniti 16 kwa gramu, hao Whitmania yuniti 3 zinatosha. Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2007 mtafiti Mark Siddall na wenzake walionyesha kwamba maruba wa hospitali waliokuwa wakiuzwa kama Hirudo medicinalis walikuwa Hirudo verbana. Basi wewe andika namba ya sampuli, jina litakuja.

2. Ukitaka DNA ya ruba, kata kinyonyeo cha nyuma. Hakina utumbo.

Hapa niacheni nikae kidogo. Nilipoanza nilikuwa mjuaji. Nilishasoma kwamba Hirudo hutunza damu tumboni kwa miezi, kwa hiyo kwake nilikata kinyonyeo kama nilivyoelekezwa. Lakini Whitmania pigra hanyonyi damu, hula konokono. Nikajisemea, hana damu ya mtu tumboni, wasiwasi wa nini? Nikachukua nyama ya katikati, maana ni nyingi na inasagika upesi. Jeli, ile inayoonyesha kama DNA imenakiliwa, ikatoka bendi nene, safi, nikaipiga picha nikawatumia washkaji. Nilipochora mti wa ukoo kutokana na DNA hizo, sampuli kadhaa zikajitenga na wenzao, tawi refu liko kivyake. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikafurahi: ukoo mpya! Nikaupaka rangi nyekundu kwenye slaidi, nikasimama mbele ya kikao nikaeleza jinsi mabwawa yalivyowatenga maruba hawa vizazi na vizazi. Nilieleza kwa kirefu, na mikono juu.

Msimamizi alinisubiri nimalize, akauliza kwa upole kama nilizipitisha BLAST, ile programu inayolinganisha sikwensi yako (mpangilio wa herufi za DNA) na za viumbe vinavyojulikana. Sikuzipitisha. Akazipitisha mwenyewe, palepale, kwenye skrini ya ukutani. Konokono. Bellamya wa maji baridi, wale wale wanaomwagwa bwawani kulisha maruba. Praima za Folmer (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), LCO1490 na HCO2198, tangu 1994 zimetengenezwa kuwashika wanyama wasio na uti wa mgongo wa kila aina. Zimwache konokono kwa lipi? Nilikuwa nimegundua chakula cha mchana. Waswahili wenzangu pale chuoni wakanibatiza Mzee Konokono, na wapo ambao mpaka leo hawalijui jina langu.

3. Mhifadhi kwenye ethanoli asilimia 95, ibadilishe kesho yake, ruba ana maji na ute mwingi. Ukimtia kwenye fomalini usije kwangu kulia.

4. Maruba wa dawa waliokaangwa na unga wa talki, DNA yao imekatikakatika. Usikomae na kipande cha herufi 650 wiki nzima ukiilaumu mashine. Chukua praima za kipande kifupi.

5. COI, jeni ya mitokondria inayonaswa na praima za Folmer, husimulia upande wa mama tu. Ongeza jeni ya kiini cha seli kabla hujatangaza spishi, na kabla ya hapo BLAST. Kila sikwensi. Hata ile nzuri, hasa ile nzuri.

6. Kontroli hasi, ile tyubu isiyotiwa DNA, ikitoa bendi, hiyo si "bendi ndogo tu". Mwaga, anza upya. Kuna dada mmoja hapa alinibishia hilo mpaka Hirudo wake wote wakageuka binadamu. Kumbe alikuwa anafungua tyubu bila glavu huku anakula karanga.

Na aliyeacha tyubu zilizoandikwa "ruba" bila tarehe kwenye friza ya pili, aje azichukue. Ijumaa nazitupa.