Wavu unapimwa katikati, si kwenye nguzo

SWALI: Sisi ni shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, Dodoma. Tuna kiwanja cha mita 25 kwa 16 na tunataka uwanja mmoja wa mpira wa wavu, utumike na wavulana na wasichana kujiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Fundi anasema atakata bomba moja la chuma vipande viwili vya mita 3, tupate nguzo. Uwanja wa zamani tulifunga wavu mita 2.43 kwenye nguzo, lakini timu iliyotutembelea ikadai wavu uko chini. Nani yuko sahihi? – Mwalimu wa michezo

JIBU: Mwalimu, wageni wenu walikuwa sahihi. Mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake hupimwa katikati ya uwanja, kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa wavu. Ukifunga 2.43 kwenye nguzo, wavu ukilegea kidogo tu, katikati unabaki na 2.36 au 2.37. Juu ya mistari ya pembeni wavu unaruhusiwa kuzidi kipimo rasmi kwa sentimita 2 tu, na pande zote mbili lazima zilingane. Tafuta ufito ulionyooka, utie alama nne: 2.24, 2.26, 2.43 na 2.45. Huo utawamalizia ubishi wote.

Sasa hilo bomba. Mabomba mengi madukani huwa na urefu wa karibu mita 6, ndiyo maana fundi amepata hesabu ya mita 3 mara mbili. Lakini nguzo inatakiwa iwe na mita 2.55 juu ya ardhi. Zinazobaki za kufukia ni sentimita 45. Huo mzizi ni mfupi mno. Ukikaza wavu, nguzo zinainamia ndani, wavu unalegea, mnakaza tena, zinainama zaidi. Kwenye udongo wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, hali ni mbaya zaidi. Nunueni mabomba mawili, kila moja likatwe mita 3.5. Vipande vinavyobaki vitatengeneza kiti cha mwamuzi.

Shimo liwe sentimita 50 kwa 50, kina mita 1. Zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mifuko mitatu hadi minne inatosha mashimo yote mawili. Simamisha nguzo kwa timazi, na usikaze wavu kabla ya siku 7 za kumwagilia zege. Nguzo zikae nusu mita hadi mita 1 nje ya mstari wa pembeni, yaani kati ya nguzo na nguzo kuwe na mita 10 hadi 11. Wengi huziweka juu ya mstari wenyewe, na mchezaji anayefuata mpira pembeni anakutana na chuma. Waya za kuegemeza nguzo ardhini haziruhusiwi kabisa. Ni mitego ya miguu.

Kwa kuwa wavu utapanda na kushuka, toboa kila nguzo matundu mawili yaliyopishana sentimita 19. Lakini usitoboe karakana. Subiri zege likauke na ardhi isawazishwe, kisha pima kutoka usawa wa uwanja. Ndani ya utepe wa juu wa wavu pitisha waya wa chuma. Kamba ya nailoni inanyumbuka na asubuhi utakuta wavu umeshuka.

Eneo lenu linatosha kwa kubana. Uwanja ni mita 18 kwa 9, na pande zote unahitaji angalau mita 3 zilizo wazi, jumla 24 kwa 15. Mistari ina upana wa sentimita 5 nao ni sehemu ya uwanja, kwa hiyo pima kutoka ukingo wa nje. Piga vigingi vinne, kisha vuta tepu kona kwa kona: kila mshazari usome mita 20.12. Ukipata 20.05 upande mmoja na 20.19 mwingine, una uwanja uliopinda hata kama pande zote ni sahihi. Mstari wa mashambulizi ndio unaokosewa zaidi: mita 3 zinahesabiwa kutoka katikati ya mstari wa kati, ule wa chini ya wavu, hadi ukingo wa nyuma wa mstari wa mashambulizi, yaani ulio mbali na wavu. Njia ya mkato ya kuhakiki: kutoka ukingo wa nje wa mstari wa mwisho hadi ukingo huo ziwe mita 6 kamili.

Uwanja wa nje unaruhusiwa mteremko wa milimita 5 kwa kila mita ili maji ya mvua yatoke. Uelekeze kutoka mstari wa kati kwenda miisho yote miwili. Ukiuteremsha upande kwa upande, chini ya wavu utakuwa na tofauti ya sentimita 4.5 na vimo vya pembeni havitalingana kamwe.

Urefu wa uwanja uelekee kaskazini–kusini, vinginevyo jua la saa kumi na moja jioni litampofusha mpokeaji wa upande mmoja. Najua upepo wa kiangazi wa Dodoma utavuka uwanja kwa ubavu; bado ningechagua hivyo, kwa sababu upepo unazisumbua timu zote mbili. Mistari ichoreni kwa chokaa iliyokorogwa na maji, maana ya unga inapeperuka na kuingia machoni. Mawe au matofali kama mistari, hapana.

Kama mtapanda uzio wa kukinga upepo, epukeni minyaa, maana utomvu wake ni hatari kwa macho na wanafunzi wataingia humo kila siku kufuata mpira. Migunga nayo msiiache karibu. Mwiba mmoja unatosha kuua mpira.