Sumu ya nyoka: yagandisha damu ama yaifanya maji?

Kaka ulouliza kama sumu ya nyoka yagandisha damu ama yaizuia isigande, ni zote mbili, na mie nliyajua haya kwa shemeji yangu wala si darasani. Alikuwa juu ya mwembe huko Kisauni akagongwa kidoleni na boomslang, yule wa mitini mwenye jicho kubwa (watu humdhania ukukwi wakampuuza). Mkono haukuvimba wa kusema, akarudi akala wali wake akalala. Alfajiri kupiga mswaki ufizi watoka damu haikomi, na kidonda cha wembe cha juzi nacho chafunguka upya!

Iko hivi, sumu yake huiamsha protrombini (protini ya damu inayoanzisha kuganda) ndani ya damu, vijidonge vidogo vidogo vyaganda huku na huku mwilini, na kila kikiganda kimekula fibrinojeni, ile protini ya damu inayotengeneza donge. Ni kama fundi amalize saruji yote kupiga lipu pasipohitaji, siku ukuta wapasuka kweli stoo tupu. Ndo mana damu yawa maji na ndo mana dalili huchelewa masaa. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aligongwa na boomslang huyuhuyu 1957, akawa aandika dalili zake mwenyewe, kesho yake akafa.

Hospitali daktari mmoja mzee akataka kichupa cha gilasi, plastiki akakataa maana gilasi ndo huichochea damu igande, akaiwacha dakika 20 bila kuitikisa, kuinamisha yamwagika kama chai ya rangi, yaani haikuganda.

Sasa kuizuia sumu. Sindano ya kupinga sumu ya moma na swila haimfai huyu kabisa, yake ni ya peke yake hutengenezwa Afrika Kusini, tuliingoja roho mkononi. Kumtia mgonjwa plazima (maji ya damu yenye protini za kugandisha) kabla ya hiyo sindano ni kuiletea sumu saruji nyingine iimalize, na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) alopendekeza mwenzetu mmoja msijaribu, wala aspirini, wala sindano za msuli. Jiwe la nyoka nyanyake alimuwekea, likanata tu basi.

Ninayoifuatilia mie ni unithioli, dawa ya zamani ya walodhurika na zebaki. Vimeng'enya vingi vya sumu hizi (protini zinazofanya ile kazi yenyewe ya sumu) havifanyi kazi bila madini ya zinki, hiyo dawa yavinyang'anya, na yamezwa. Hapa jirani Kilifi ishajaribiwa kwa watu wazima wenye afya kuona kama ni salama. Ikikubali, mtu wa mbali kama Lunga Lunga ataimeza akiwa bado kwenye matatu.

Shemeji sai yuko poa, ila maembe siku hizi anunua soko la Kongowea.