Mwewe anamaliza vifaranga: niweke sumu vijiko vingapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Pasua, Moshi. Kuku wangu alitotoa vifaranga 14, sasa ni wiki ya tatu na vimebaki 5. Vitatu mwewe alivikwapua mchana nikiona kwa macho yangu. Sita nilikuta tu asubuhi havipo bandani, kwa siku tofauti. Jirani ameniuzia punje za zambarau, anasema nichanganye na utumbo niweke juu ya paa. Niweke vijiko vingapi? – Mama mfugaji

JIBU: Marahaba, mama. Usiweke hata punje moja.

Tena sita kati ya hao tisa unamsingizia. Mwewe anawinda kwa macho, mchana. Giza likiingia yuko mtini amelala. Aliyeingia bandani usiku ni panya, paka au kicheche. Chukua tochi ukague wavu wako. Ule wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, panya anapita bila hodi. Weka wa matundu ya nusu inchi, na chini uufukie ardhini. Ungeua mwewe wote wa Moshi, hao sita wangeliwa vilevile.

Vitatu vya mchana ni vyake, simtetei. Lakini mwewe kwa kawaida hafiki kilo moja, na hana ubavu wa kubeba kuku mkubwa. Shibe yake ni panya, mijusi, kumbikumbi, mizoga na taka za sokoni. Anazunguka juu mbawa zimetulia, ule mkia wa panda akiupindapinda kama usukani. Akiona kitu kidogo kinatembea kwenye uwanja mweupe anashuka, anakwapua kwa kucha bila kutua, na mara nyingi anakilia hukohuko hewani. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Kibosho, migomba inamziba asione. Wewe huna migomba, basi vifunike kwa tenga mchana mpaka vifike wiki sita hadi nane. Wapo wanaovipaka vifaranga rangi. Sina ugomvi nao, rangi haiui mbwa wa jirani.

Hizo punje ndizo zinazonichosha. Nyingi ni kabofurani, dawa ya wadudu wa shambani, inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha nailoni bila jina wala maelezo. Kila mtu ananiambia, "Nimeweka juu ya paa, mbwa hapandi paa." Ndege naye haketi mezani! Anabeba utumbo, anaudondosha uwanja wa tatu kutoka kwako, au anaanguka yeye mwenyewe na mbwa anamla. Niliwahi kuletewa mbwa wa namna hiyo: udenda unachuruzika kama uzi, misuli ya mapaja inachezacheza, mboni zimekuwa tundu la sindano. Mwenye mbwa alikuwa ameshamnywesha maziwa lita nzima, kwa ushauri wa huyohuyo muuza punje. Maziwa hayafanyi chochote. Sumu hii inafunga kimeng'enya kinachozima ishara za neva, misuli inakosa wa kuiambia ipumzike, mwisho hata ile ya kupumulia inakwama. Dawa yake, atropini, husaidia ikiwahi. Kwa yule haikuwahi.

Na kuku wako wanadonoa kila kinachodondoka. Ukimwona mmoja amezubaa utamchinja, utamla na watoto. Huko tambarare wafugaji wanawekea fisi mzoga wenye sumu, tumbusi wanashuka kundi zima na kufa hapohapo, kisha mizoga inayofuata inaoza bila wa kuila. Mwewe ukimwua, wa pili anachukua zamu wiki hiyohiyo, maana vifaranga bado viko wazi.

Ulizokwisha kununua usizitupe chooni wala mferejini. Vaa glavu, zifunge ndani ya chupa yenye kifuniko, andika SUMU, umpelekee bwana shamba wa kata. Kama ulishachanganya na utumbo, ufukie kwenye shimo refu leo kabla kuku hawajafunguliwa.