Mwalimu, Zima Mega Kwanza

Ninafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari huku Kadutu, mjini Bukavu. Kwa miaka mingi vifaa vyangu vilikuwa chaki, ramani moja iliyochanika kwenye mikunjo, na kitabu kinachosema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majimbo 11, wakati tunayo 26 tangu mwaka 2015. Kila mwanzo wa mwaka niliwaambia wanafunzi wakate sentensi ile kwa kalamu, nao waliikata kwa furaha kubwa, kwa sababu si kila siku mwalimu anaruhusu kuchora kitabu cha shule.

Shule zilipofungwa nchini kote Machi 2020, nilifanya kama wenzangu wengi: nilifungua kikundi cha WhatsApp, nikawa ninapiga picha za madaftari yangu na kuzituma. Waliozipata ni wale ambao wazazi wao walikuwa na simu ya Androidi, umeme wa kuichaji na pesa ya mega, yaani data ya intaneti. Wengine wote sikuwaona hadi tuliporudi darasani. Tangu hapo nimejiwekea sharti moja kabla ya kuingiza jambo lolote la mtandao katika somo langu, nalo ndilo ninalotaka kuwashauri walimu wenzangu: chagua kile kinachofanya kazi siku ambayo hakuna mtandao, na kijaribu nyumbani huku mega zikiwa zimezimwa. Kisipofanya kazi hivyo, kiache kwanza, hata kama kimesifiwa katika semina.

Mimi nilianza na Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua nakala nzima ya tovuti, kwa mfano Wikipedia, kutoka katika faili moja iliyohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta. Unaipakua faili mara moja mahali penye mtandao mzuri, na baada ya hapo unasoma, unatafuta maneno na kufuata viungo vya ndani bila kutumia mega hata moja. Faili ya Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, lakini ya Kifaransa pamoja na picha zake ni makumi ya gigabaiti, na kwa kuwa Kifaransa ndiyo lugha ya masomo yetu ya sekondari, sikuweza kuikwepa. Kwa bahati nzuri kuna toleo lisilo na picha, na jingine lenye utangulizi tu wa kila makala. Nilichukua lile lisilo na picha, nikalipakua kwenye kompyuta ya ofisini kwa rafiki yangu kwa usiku mbili, maana usiku wa kwanza umeme ulikatika.

Hapo nikakutana na tatizo ambalo hakuna aliyenionya juu yake. Kila nilipojaribu kuihamishia faili kwenye kadi ya memori ya simu yangu, ilikataa, ingawa kadi ilikuwa tupu na ilikuwa na gigabaiti 32. Niliamini kwamba nimeuziwa kadi mbovu, nikairudisha kwa hasira kwa kijana anayetengeneza simu karibu na soko la Kadutu na kuwawekea watu nyimbo. Hakuichukua hata mkononi. «Mama, kadi haina kosa,» akaniambia. «Faili yako imezidi gigabaiti 4, na hii kadi imefomatiwa kwa FAT32, haipokei faili moja yenye ukubwa huo.» Akaifomati upya kwa mtindo unaoitwa exFAT, na faili ikaingia. Kwa hiyo kagua jambo hilo mapema, na uhamishe kwanza picha na nyimbo zako, kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu. Vilevile hakikisha kwamba simu yako inausoma mtindo huo, kwani baadhi ya simu za zamani haziusomi. Ninaongeza kwamba kijana yule alinifundisha mengi zaidi kwa dakika kumi kuliko semina ya siku mbili niliyohudhuria, na tangu siku ile sioni aibu kumwuliza mtu aliye na umri wa mtoto wangu.

Sasa nifike kwenye darasa lenyewe. Kiwix ya Androidi ina sehemu inayoiwezesha simu yako kuwagawia wengine faili hiyo. Unawasha mtandao wa waifai wa simu yako, ule ule tunaotumia kumgawia mwenzetu mega, programu inakuonyesha anwani yenye tarakimu, unaiandika ubaoni, na wanafunzi wanaiandika katika kivinjari cha simu zao. Hawahitaji kupakua chochote. Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilijiona bingwa. Darasa lilikuwa kimya, vichwa vyote vimeinama. Baada ya kama robo saa nikapata ujumbe kwamba kifurushi changu cha mwezi mzima kimekwisha. Nilikuwa nimesahau kuzima mega za simu yangu, na wale watoto, ambao si wajinga, waligundua kabla yangu kwamba kupitia simu ya Madamu mtu anaweza kufika Facebook. Ndiyo maana nimeandika kichwa cha habari kama nilivyokiandika.

Jambo jingine la kujiandaa nalo ni idadi. Simu yangu haikubali zaidi ya simu 8 kuunganishwa kwa wakati mmoja, na darasani nilikuwa na wanafunzi 52. Niliwagawa katika vikundi 8, kila kikundi simu moja, na hapo nikaona faida ambayo sikuitarajia: anayeshika simu anasoma kwa sauti, wa pili anaandika, na wengine wanabishana. Kabla ya yote hayo, mwendee Prefe, yaani mkuu wa shule, na umweleze kwa maandishi kwamba simu zitaingia darasani siku fulani, saa fulani, kwa somo fulani. Simu nyingi ni za wazazi. Ikianguka sakafuni, ni vizuri ruhusa iwe imeandikwa.

Somo lililonifundisha zaidi lilikuwa la volkano, katikati ya mwaka 2021. Nilikuwa nimewapa vikundi kazi ya kuorodhesha milipuko ya Nyiragongo, nao wakaipata vizuri: 10 Januari 1977, kisha 17 Januari 2002. Msichana mmoja aliyekuwa amefika kwetu kwa meli pamoja na familia yake kutoka Goma akainua mkono. «Madamu, simu inadanganya. Mimi nimeukimbia.» Faili yangu ilikuwa ya mwaka 2020, na mlima ulikuwa umelipuka jioni ya 22 Mei 2021, na nakala iliyo ndani ya kadi haiwezi kujua kilichotokea baada ya kupakuliwa. Nilimwomba asimulie akipenda, akasimulia polepole: rangi ya mbingu, tetemeko baada ya tetemeko siku zilizofuata, kisha agizo la kuhama sehemu ya mji. Vikundi vyote viliandika maneno yake chini ya tarehe zile mbili. Tangu siku ile, jambo la kwanza ninaloandika ubaoni, juu ya anwani ya tarakimu, ni mwezi na mwaka wa faili, na swali la kwanza la kila kazi ni: nini kimebadilika tangu hapo?

Maswali yenyewe pia yalibidi yabadilike. Nilipouliza «Ziwa Kivu lina kina gani?», vikundi 8 viliniletea sentensi moja ile ile, hata koma zake. Sasa ninauliza kitu ambacho hakuna ukurasa unaokijibu wenyewe. Kwa mfano, ninawapa kazi ya kutafuta mwinuko wa Ziwa Kivu, ambao ni karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wa Ziwa Tanganyika, ambao ni kama mita 770, halafu waeleze kwa maneno yao kwa nini mabwawa ya umeme yamejengwa kwenye mto Ruzizi, unaotoka Kivu kwenda Tanganyika, na kwa nini maji ya Kivu yanaelekea kusini wakati milima ya Virunga iko kaskazini. Hapo wanalazimika kupiga hesabu ya kutoa, kuchora, na kutazama nje ya dirisha, maana ziwa liko pale chini. Wanaweza kuwaza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa. Hilo siwakatazi, na majibu bora niliyopata yalianza kwa ubishi wa Kiswahili.

Umeme ukikosekana tangu asubuhi, ninachaji simu usiku uliotangulia na kubeba betri ya akiba, na nikikuta hata hiyo imekwisha, ramani yangu iliyochanika bado inaning'inia ukutani. Mwezi huu vikundi viwili vimeanza kuniandikia kurasa zao kuhusu maporomoko ya udongo katika mtaa wao, kwa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) ya kawaida kabisa, na picha tumezipunguza hadi chini ya kilobaiti 100 kila moja ili hata simu dhaifu iweze kuzifungua. Kurasa hizo ninazigawa kwa waifai ile ile. Mega zikiwa zimezimwa, na safari hii ninakagua mara mbili.