Barua kwa mwanangu: Vita vilivyopitia ghalani kwetu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata. Unasema ulipita mjini Dar es Salaam na mjukuu wangu, mkafika pale Samora na Azikiwe, akasimama mbele ya Sanamu ya Askari akakuuliza, "Baba, na kwetu yupo aliyepigana?" Ukakosa la kumjibu. Ukaniuliza mimi, ukaongeza na swali lako: mbona nyumbani hatukuwahi kusikia habari za vita vile, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, hata siku moja?

Mlizisikia, baba. Hamkujua tu kwamba zilikuwa habari za vita. Mlipobakiza ugali kwenye sahani, mama yangu alikuwa akiwaambia, "Nyie hamkuuona Mtunya." Mkawa mnalicheka neno lenyewe. Huo Mtunya ndivyo vita vile vilivyofika Ugogo, nchi yetu ya Dodoma, na kwetu vilikumbukwa kwa jina la njaa.

Shuleni mlifundishwa Tanga, Novemba 1914, Waingereza walivyoshuka kutoka melini wakarudishwa baharini na Wajerumani waliokuwa wakitutawala. Mlifundishwa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na jinsi alivyokimbizana na Waingereza miaka minne. Hayo ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Mimi nataka ujue jeshi lilikula nini na nani alikibeba.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa na reli mbili, ile ya kutoka Tanga na ile ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ukitoka relini, ni miguu. Farasi na maksai waliletwa, mbung'o akawamaliza. Kikabaki kichwa cha mtu. Sasa piga hesabu na mwanao, ni hesabu ya darasa la nne. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi, na ili atembee anahitaji kama kilo moja ya unga kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, kilo 24 amezila mwenyewe, askari anapata kilo moja tu. Kwa hiyo jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli, ndivyo lilivyotaka wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi wenzao. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa watu wanaokaribia milioni moja, kutoka kwetu, Kenya, Uganda, Nyasa ambayo leo ni Malawi, na kwingine. Hiyo Kariakoo unayokwenda kununua vitunguu ilikuwa kambi yao, baada ya Waingereza kuichukua Dar es Salaam Septemba 1916. Jina lenyewe ni lile la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, likalainishwa na ndimi zetu.

Huku kwetu vita vilishuka kutoka kaskazini. Aprili 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kondoa, na mwisho wa Julai yakaichukua Dodoma. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kupita kwenye maboma wakichukua ng'ombe na mtama. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, nguo na dawa haziingii, ikabidi kwinini, dawa ya malaria, itengenezwe kule Amani, Usambara, kwa magome ya miti, na Tabora zikafuliwa hata sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo. Wakulima hawakuziona dhahabu hizo. Bibi yangu alisema baba yake alipewa karatasi kwa ng'ombe wake, na Wajerumani walipoondoka karatasi ile haikununua kitu. Waingereza nao walipofika walikuwa na njaa ileile. Wakataka ng'ombe, wakataka nafaka, kisha wakataka vijana.

Bibi ninayemsema ni mama wa mama yangu. Wewe ulimkuta, ila ulikuwa mchanga. Wakati ule alikuwa hajaanza kung'oka meno ya utoto. Kaka yake mkubwa alichukuliwa siku moja asubuhi, mbuzi wakiwa bado zizini, pamoja na vijana wengine wa maboma ya jirani. Kilichojulikana ni kwamba walielekezwa Rufiji. Mwanzoni mwa 1917 Rufiji ilikuwa mvua na mafuriko, njia zimegeuka matope ya magotini. Wapagazi walipewa mahindi wasiyoyazoea, mara nyingi bila muda wala kuni za kuyaivisha. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Yeye tunadhani ni mojawapo ya hayo. Tunadhani tu, kwa sababu hakurudi na hakuna aliyekuja kutoa habari.

Kwa hiyo mjibu mwanao: ndiyo, yupo aliyekwenda. Hakushika bunduki, alishika mzigo.

Ila hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ndiyo iliyowafanya wakubwa wanyamaze.

Wagogo wamezoea ukame. Mvua ikikataa mwaka mmoja, kuna akiba ghalani, kuna ng'ombe wa kubadilisha na nafaka kwa majirani, kuna vijana wenye nguvu ya kwenda mbali kuitafuta. Ukame uliokuja nyuma ya majeshi uliikuta nchi haina ghala, haina ng'ombe, haina vijana. Wazee wakaiita njaa ile Mtunya, kwa maana ya kugombania, watu kunyang'anyana. Ilianza 1917 ikatutesa hadi karibu na 1920. Makadirio yaliyoandikwa na watawala wenyewe ni kwamba katika watu kama 150,000 wa nchi ya Dodoma, 30,000 walikufa. Simama kijijini uhesabu nyumba tano, kisha uitoe moja na wote waliomo.

Watu walikula mizizi. Walichemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Na walitoa watoto rehani. Bibi yangu ni mmoja wa watoto hao, mwanangu. Baba yake alimshika mkono wakatembea hadi upande wa Mpwapwa, kwa familia iliyokuwa bado na uwele, akamwacha pale kwa vibaba alivyopewa, akamwambia mvua zikirudi nitakuja kukukomboa. Baba akafa. Mama yake ndiye aliyekuja, baada ya mavuno kurejea, na binti hakumtambua.

Aliniambia habari hii mara moja tu, wewe ukiwa na miezi minne, umelala mapajani mwangu. Alikutazama sana kabla ya kuanza kusema. Kisha akaniomba nisiwaambie wanaume wa nyumbani, kwa sababu mtu aliyewahi kuwekwa rehani anaweza kuja kutajiwa hilo siku ya ugomvi. Nimeitunza siri yake miaka yote hii. Leo naifungua kwa sababu aliyeuliza ni mtoto, na sioni aibu yoyote ya bibi ndani yake. Mzazi aliyemtoa alikuwa anamtafutia uhai, akaupata. Mimi na wewe tupo kwa vibaba vile.

Daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa katika jeshi la Lettow-Vorbeck, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Nilipoisoma habari hiyo nililia. Sikulia kwa hasira. Nililia kwa sababu kumbe aliyapita yote hayo akayaona.

Ulaya bunduki zilinyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Kwetu Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Homa kuu ya mafua iliyoenea duniani ilikuwa imekwisha kuingia, ikawakuta watu wamekonda.

Sasa turudi kwenye sanamu yenu. Ilisimamishwa 1927. Maandishi yake hayakuwasahau wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini wapagazi waliohesabiwa kufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 95,000, na walio wengi hawakupewa kaburi lenye jina. Maaskari wa Kizungu waliandikiwa majina yao kwenye mawe, mmoja mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Upande wa Wajerumani hesabu yenyewe haikutunzwa.

Bibi yangu alilijua jina la kaka yake. Alikuwa akilitaja peke yake jioni akipepeta mtama, na mimi nilidhani ni wimbo. Nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyomo humu ndani ya bahasha, kwa herufi kubwa, ili mjukuu wangu aweze kulisoma mwenyewe. Jumapili mkipita tena pale, mwambie alisome kwa sauti.

Mama yako