Ukienda Comiket, anzia visiwani

Mara yangu ya kwanza Comiket, soko la Tokyo la vijitabu vya manga (vibonzo vya Kijapani), ilikuwa Agosti. Nilikuwa na chupa moja ya maji na noti za yeni 10,000 tupu. Maji yaliniishia kwenye foleni, hata mlango sijauona, na joto la Tokyo mwezi huo si la kuchezea.

Basi beba maji ya kutosha, kofia na taulo dogo. Tafuta chenji mapema, noti za 1,000 na sarafu za 500 na 100, maana anayekuuzia ni mchoraji mwenyewe na kikopo chake cha hela. Na usiombe akupunguzie. Wengi wao bei hairudishi hata gharama ya uchapaji.

Lakini kubwa zaidi ni hili: pale hakuna mteja. Muuzaji, mnunuzi na anayejitolea kupanga foleni, wote huitwa washiriki. Ndivyo ilivyo tangu 21 Desemba 1975, vikundi 32 vya wachoraji na watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule wapenzi wa manga, walipokusanyika kuuziana vijitabu walivyochora na kuchapa wenyewe. Leo wanajaza kumbi za Tokyo Big Sight, Agosti na Desemba.

Wachoraji wenye majina huwekewa meza ukutani, ili foleni zao zitokee nje. Katikati meza hupangwa kwa mafungu yanayoitwa shima, yaani visiwa. Nilisimama kwa saa mbili kwenye foleni ya ukutani, nikaambiwa vijitabu vimekwisha. Nikaingia visiwani nikiwa nimenuna, na huko ndiko nilikoipenda Comiket. Mama mmoja wa makamo, nusu meza tu ndiyo yake, alinipa kijitabu chake kwa mikono miwili nisome kwanza. Kilikuwa kinahusu paka wa bandarini. Nilisoma nimesimama, naye akitazama uso wangu, si mfuko wangu.

Wanaovaa kama wahusika wa manga usiwapige picha bila kuomba. Wewe nawe ukitaka kuvaa, badilishia palepale, kwenye vyumba vya kubadilishia. Kufika umeshavaa hakuruhusiwi.

Desemba nililitafuta jina la kikundi cha yule mama kwenye katalogi, nikaenda kumwambia ukurasa gani ulinigusa. Aliufungua, akaweka kidole juu ya mkia wa paka, akasema huo aliuchora upya mara tatu.