Kufungua na Kupaka Rangi Plenamu ya Injini Nyumbani: Niliyopitia na Forester Yangu

Wiki iliyopita niliweka mtandaoni picha ya injini ya Subaru Forester yangu boneti ikiwa wazi, na tangu siku hiyo simu haijatulia. Ujumbe ulionigusa zaidi umetoka kwa dada mmoja wa Mwanza mwenye Toyota IST: "Kaka, hiyo manifodi nyeusi umepaka mwenyewe au umenunua ikiwa hivyo? Fundi wangu anasema kazi hiyo haifanyiki nyumbani, ukigusa unaua injini. Na ya kwangu je, inapakika?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba hiyo manifodi, yaani plenamu (chumba cha hewa cha injini) pamoja na miguu yake, nimepaka mwenyewe, uani kwangu, na gari linapiga silensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) iliyotulia kabisa. Ila swali lake linahitaji jibu refu, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mna hamu ileile: mnataka mkifungua boneti mbele za watu, kitu kijieleze chenyewe.

Kwanza niseme kilichonifikisha hapa, maana hakuna aliyenituma na sikuanza kwa kupenda rangi. Miaka ya nyuma nilipeleka gari gereji moja hapa Dar kwa ajili ya kuvuja oili. Waliporudisha, nilikuta plenamu imepulizwa rangi ya fedha. Sikuomba. Waliniambia ni zawadi kwa mteja. Walipuliza bila kufungua kitu chochote: juu ya vumbi, juu ya oili, juu ya mipira (mabomba ya mpira), juu ya soketi za nyaya, hadi kwenye vichwa vya bolti. Wiki chache tu rangi ikaanza kuvimba na kubanduka magamba, na kila nilipotaka kuchomoa soketi ya sensa ilikuwa imegandishwa. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka. Bado inaniuma. Haikuwa suala la fedha. Iliniuma kuona mtu anaficha uchafu wa gari langu kwa rangi na kuniita mteja wake.

Gari lenyewe ni Forester SG5 ya turbo, injini EJ205, ile ya silinda nne zilizolala mbili huku mbili kule. Plenamu ni chumba cha hewa kinachokaa juu katikati ya injini. Hewa inapita kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), inaingia throto (mlango wa hewa), inajaa kwenye chumba hicho, kisha inagawanyika kwenye miguu minne kwenda kila silinda. Kwenye EJ205 chumba na miguu ni kipande kimoja cha alumini, hivyo ukisema unatoa plenamu unatoa manifodi yote. Na sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua upepo wa chumvi unavyoifanya alumini tupu: unaanza unga mweupe, halafu vinakuja vishimo vidogo, halafu uso wote unakuwa na mabaka. Rangi nzuri iliyoshika ni kinga ya kweli, siyo urembo tu.

Watu walinishauri nipake nyekundu yenye mikunjo, ile ya Impreza STI. Nyekundu ile ni nzuri, na aliyenayo kiwandani ana haki ya kujivunia. Gari langu siyo STI, na sitaki mtu afungue boneti akutane na kitu kinachodai kuwa kingine. Nilichagua nyeusi yenye mikunjo, na leo nikiitazama najua nilichagua sawa.

Sasa kazi. Usianze kufungua bolti hata moja kabla ya kusafisha nje. Mimi nilipuliza upepo wa kompresa kila kona, nikasugua kwa brashi na mafuta ya taa kuzunguka maungio ya manifodi na hedi (kichwa cha injini), nikapuliza tena. Mchanga uliokaa pale, siku unanyanyua manifodi, unaanguka moja kwa moja kwenye tundu la vali. Hapo ndipo injini zinapofia, na hapo ndipo fundi wa yule dada ana hoja. Injini haiuliwi na rangi. Inauliwa na kilichoingia tundu lile likiwa wazi.

Halafu ondoa presha ya petroli. Chomoa soketi ya pampu au fyuzi yake, washa gari mpaka lizime lenyewe, piga stata mara moja tena, ndipo utoe waya hasi wa betri. Fanyia kazi mahali penye hewa, injini ikiwa baridi, pasiwe na jiko karibu wala mtu anayevuta sigara. Hata baada ya hayo, mipira ya petroli itamwaga kidogo, kwa hiyo weka kitambaa chini yake.

Intakula inakaa juu ya kila kitu, hivyo inatoka kwanza: bolti za pembeni, klampu ya throto, klampu ya upande wa turbo, na ile vali ya kuachia upepo yenye gasketi yake. Kisha mipira ya hewa. Hapa ndipo nilipotumia muda kuliko mahali pengine popote. Kila mpira niliuwekea kipande cha tepu ya karatasi chenye namba, na namba hiyohiyo pale ulipotoka, na picha kabla na baada. Ipo midogo isiyozidi unene wa penseli, imejificha nyuma, na joto la turbo limeikausha. Mmoja ulikatika mkononi kama biskuti. Usiirudishe ya namna hiyo hata kama haijakatika. Nunua mpira mpya wa kipimo kilekile, kata urefu uleule, maliza.

Throto ya Subaru ina mipira miwili ya kulanti (maji ya kupozea injini) inayopita chini yake. Imewekwa kwa ajili ya nchi za baridi, throto isigande barafu. Kwa Dar haina kazi kubwa, lakini mimi niliirudisha kama ilivyokuwa, kwa sababu napenda gari lirudi kama lilivyotengenezwa. Jiandae tu kumwaga kulanti kidogo na kuijaza baadaye.

Shemeji yangu alikuja kunisaidia kunyanyua. Manifodi siyo nzito sana, shida ni kwamba lazima ipande sawasawa pande zote mbili huku mtu mwingine anaongoza nyaya zisinase. Ilipotoka, kabla hata ya kuipeleka mezani, niliziba matundu yote ya hedi kwa tepu pana. Sikutumia vitambaa peke yake. Kitambaa kinasahaulika, kinazama, na siku ya kuwasha ndiyo unakikumbuka. Tepu pana inaonekana, na huwezi kufunga gasketi juu yake bila kuiona.

Na tazama chini sasa, maana nafasi hii haiji kila mwaka. Chini ya manifodi ya EJ kuna sensa inayosikiliza injini kugonga, imefungwa kwenye bloku (mwili wa injini) kwa bolti moja. Ya kwangu plastiki yake ilikuwa na ufa mwembamba kuzunguka tundu la bolti, ufa ambao usingeuona manifodi ikiwa mahali pake hata ukiwa na tochi. Nilibadilisha. Nilibadilisha pia vali ya kupumulia bloku na mipira yake, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye hewa. Ndani ya plenamu kulikuwa na utando wa oili mweusi unaoteleza kidoleni. Sehemu kubwa inatoka hukohuko. Mtu anayekuona unahangaika na rangi hajui kwamba nusu ya faida iko chini ya kile unachopaka.

Kusafisha kipande chenyewe: mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kisha upepo, kisha jua, na kurudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Rangi ya zamani, ile ya fedha ya zawadi, niliitoa kwa dawa ya kubandua rangi ya kupaka kwa brashi. Kuna waliosema nitumbukize kwenye kostiki soda, ile ya kuzibulia mabomba. Usithubutu. Kostiki inakula alumini yenyewe, inatoa povu na gesi inayowaka, na inaharibu nyuso za gasketi. Wengine walisema peleka ikapigwe mchanga. Inapendeza kwa macho, lakini chembe zinajificha kwenye kona za miguu na kwenye matundu madogo ya hewa, na zikitoka zitatoka injini ikiwa inazunguka. Mimi nilisugua kwa mkono, msasa namba 120 halafu 240, vidole vikachubuka, na sijutii hata dakika moja. Mwisho kitambaa chenye thina, na kuanzia hapo usiguse tena kwa mkono mtupu.

Kabla ya kupuliza, ziba. Nyuso zote za gasketi, midomo ya injekta (zinazopuliza petroli), mdomo wa throto, tundu la sensa ya presha, matundu yenye uzi, na vile viduara ambapo vichwa vya bolti vinakaa. Rangi ikibaki chini ya kichwa cha bolti, inabanwa na kusagika kadiri joto linavyokuja na kuondoka, na bolti uliyoikaza vizuri inalegea. Na kwenye Subaru kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nyaya za ethi (za kurudisha umeme) za waya mkuu wa injini zimefungwa kwenye manifodi yenyewe. Ukipaka rangi pale, sensa zinaanza kutoa taarifa za ajabu, taa ya injini inawaka, na mafundi watakuuzia sensa moja baada ya nyingine. Nilipaziba kwa tepu, na baada ya rangi nikapasugua tena mpaka chuma kikang'aa.

Alumini haipendi kushikana na rangi, kwa hiyo tanguliza praima inayouma (rangi ya kwanza inayojing'ata kwenye chuma), iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, tabaka jembamba. Rangi ya mikunjo niliyotumia ni VHT Wrinkle Plus, inayohimili joto mpaka nyuzi 177 za Selsiasi. Manifodi haifiki huko, siyo kama eksozi. Ukikosa hiyo, rangi yoyote nzuri ya injini inatosha, na itatoka laini tu. Ya mikunjo ina kanuni yake: tabaka la kwanza unapuliza kwenda juu na chini, la pili kulia na kushoto, la tatu mshazari, dakika 5 katikati yake, na upulize nene. Aliyezoea kupaka mabodi ya magari ataogopa unene huo. Mikunjo haitoki kwenye tabaka jembamba.

Joto ndilo linaloikunja na kuikaza. Ovena ingetakiwa iwe kwenye nyuzi 93 kwa saa moja, lakini manifodi ya EJ haienei kwenye ovena ya nyumbani, na hata ingeenea, ovena inayopika chakula cha watoto usiiguse kwa kazi hii, mvuke wake ni sumu. Mimi nilitengeneza sanduku la mabati, nikaweka taa za halojeni na kipimajoto cha nyama kwenye tundu. Niliona mikunjo inavyozaliwa: uso uliokuwa unang'aa na kulowa ukaanza kufifia ukingoni mwa mguu wa kwanza, vinyuzi vikatembea kuelekea katikati, na kwa muda mfupi chumba chote kikawa kimejikunja sawasawa. Nilimwita mke wangu aje kuona. Vilevile niwaambie, msipulize asubuhi yenye umande wala siku ya mvua, rangi inameza unyevu na kuganda ukungu.

Wakati wa kurudisha, gasketi mpya, halisi, kavu. Wapo wanaopaka silikoni pande zote mbili kwa usalama. Silikoni ikibanwa inatokeza ndani, inakatika, inavutwa na hewa. Gasketi nzuri kwenye uso safi haihitaji msaada. Kaza kwa zamu, kidogo kulia kidogo kushoto, kwa sababu manifodi hii imepanda hedi mbili na ukimaliza upande mmoja kwanza, wa pili hautakaa. Nilimalizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyutoni-mita 25. Habari ya kukaza "mpaka mkono useme" iacheni, vijana wenzangu. Uzi wa alumini ukishakufa, haurudi. Anayekwambia spana ya toki ni mapambo ndiye yuleyule atakayekuuzia hedi.

Na kweli, hili la haraka linatumaliza. Tunataka gari zuri Ijumaa kwa sababu kuna harusi Jumamosi. Tunamsukuma fundi, fundi anasukuma kazi, kisha tunalalamika. Ukiheshimu kazi, chukua likizo, acha gari lilale wazi limefunikwa turubai, panda daladala. Mimi nilipanda, na hakuna aliyenipunguzia heshima.

Kabla ya kupiga stata, rudisha umeme, fungua swichi bila kuwasha ili pampu ijaze, kisha angalia maungio ya petroli kwa macho na kwa pua. Pakiwa pakavu ndipo uwashe. Silensa ikipanda na kushuka au gari likimisi, kuna mahali hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya hewa. Rudi kwenye namba zako za tepu kabla hujanunua chochote. Jaza kulanti, toa hewa yote, na injini ikishapata joto na kupoa mara kadhaa, angalia tena kiwango chake.

Dada wa Mwanza, kuhusu IST yako: injini ya 1NZ-FE manifodi yake ni ya plastiki. Gonga kwa ukucha utasikia. Hiyo usiipake praima ya alumini wala usiiweke kwenye joto. Itoe, badilisha gasketi zake, safisha throto na utando wa oili ndani, ioshe kwa sabuni mpaka weusi wake urudi, na uiache hivyo.